Kuhamisha tangi la matumbawe la lita 600 kutoka Mombasa hadi Nairobi

mwamba_tengefu:
Wakuu, tangi ni la kioo, lita 600, na sampu (tangi dogo la kuchujia maji) chini. Ndani mna mawe hai (mawe ya bahari yenye bakteria na viumbe) kama kilo 60, mchanga sentimita 5, samaki 9 na matumbawe mchanganyiko. Linahamia Nairobi kwa kanta, karibu kilomita 480. Mchanga niuache humo humo? Matumbawe yapakiwe vipi? Na tukifika, samaki niwadondoshee maji mapya mfukoni tone tone kwa muda wa saa mbili kama kawaida?

fundi_sampu:
Mchanga utoke wote. Tangi likibebwa na mzigo ndani, kioo cha chini hupinda kidogo kila gari linaporuka tuta, silikoni inaanza kuachia pembeni, na uvujaji unakuja kuonekana likishajazwa. Lisafiri tupu, wima, juu ya kipande kigumu cha stairofomu. Kule mwisho stendi ipimwe kwa pimamaji kabla hujamwaga hata ndoo moja.

Mchanga wa zamani usiurudishe. Tabaka la chini halina oksijeni. Ukilitibua linatoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, pamoja na uchafu wote uliolala humo. Weka mpya uliooshwa. Bakteria wa kutosha wa kusafisha maji wako kwenye mawe, mradi mawe yasafiri yamezama ndani ya mapipa ya plastiki yenye pampu ya hewa ya betri. Sponji za bahari zilizoshika kwenye mawe zikitolewa majini hufa, zinaoza, na amonia inapanda siku ya pili au ya tatu.

Fyonza lita 300 za juu za kusafiri nazo kabla hujagusa jiwe lolote. Nyingine 300 ziwe tayari Nairobi tangu siku iliyotangulia: maji ya RO (yaliyochujwa hadi kubaki karibu bila madini), chumvi ya akwaria kilo 11 na ushei, nyuzi 25, kipimo cha chumvi 1.025.

kina_kirefu:
Matumbawe kila moja na mfuko wake. Yakigusana yanachomana, na yale laini hutoa ute na kemikali zinazoyadhuru mengine. Vipande vidogo vibane kwenye kipande cha stairofomu kielee, tumbawe likining'inia chini ndani ya maji, lisigonge mfuko. Vaa glavu na miwani: zoanthidi (jamii ya matumbawe laini) huweza kuwa na palitoksini, sumu kali, na ikiruka jichoni ni hospitali.

Samaki wasipewe chakula siku mbili kabla. Mfuko: theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, lakini usiufunge ukiwa umekazika. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hivyo hewa iliyofungwa Mombasa hutanuka kama sehemu moja ya tano. Mfuko uliokazika tangu pwani unaweza kuachia njiani. Tumia mifuko miwili miwili, ndani ya maboksi ya stairofomu, na ondokeni usiku. Voi mchana ni tanuri.

mwamba_tengefu:
Asanteni. Na kudondosha je?

fundi_sampu:
Usidondoshe. Ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa saa kumi, kaboni dayoksaidi ya samaki imeshusha pH (maji yamekuwa na asidi zaidi), na hilo ndilo linalofanya amonia isiwaue. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu kali huku wewe unahesabu matone. Acha mfuko uelee majini ukiwa umefungwa kwa dakika 20 joto lilingane. Pima chumvi ya maji ya mfukoni mara tu unapoufungua. Uwe na beseni la maji mapya ulilotengeneza kwa chumvi hiyo hiyo, umpeleke samaki humo mara moja, kisha mpandishe au mshushe chumvi taratibu akiwa kwenye beseni. Maji ya mfuko yamwagwe.

kina_kirefu:
Taa anza na nusu ya mwanga, ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili, la sivyo matumbawe yatapauka. Pima amonia kila siku kipindi hicho, ikionekana miligramu 0.25 kwa lita, badilisha asilimia 20 ya maji siku hiyo hiyo. Na feni ya kupoza maji uliyotumia Mombasa haitakufaa sana: Julai Nairobi utahitaji hita. Chukua mbili za wati 300 badala ya moja ya 600, ili moja ikikwama imewaka isipike tangi zima.