Mrejesho: Thorong La nimevuka wadau

Wale niliowauliza kama kuna haja ya kulala siku ya ziada kijiji cha Manang kabla ya kuvuka Thorong La, ile njia ya juu ya kuvukia milima kule Nepal, jibu ni ndio tena msibishane, Manang ni kama mita 3,500 na pale juu pa kuvukia ni 5,416 sasa ukikimbilia tu kabla mwili haujazoea hewa nyepesi kichwa kitakugonga balaa. Thorong Phedi, kituo cha kulala chini ya hapo pa kuvukia, tulitoka usiku wa manane sababu kukishakucha upepo unakuwa mkali, maji kwenye mpira wa kunywea yakaganda aisee. Juu kuna bendera za maombi za Wabudha, tukapiga picha fasta. Ila kushuka hadi Muktinath upande wa pili ndo kipengele, mita kama 1,600 magoti yanalia! Alosema nibebe fimbo mbili, ubarikiwe mkuu.