Kamera za kioo cha mbele zinajizima jua la jioni: ninunue nyingine?

Dereva_Masaka: Wakuu, naomba ushauri. Gari langu nililoagiza Japani lina kamera mbili juu ya kioo cha mbele, zile zinazofunga breki zenyewe ukimkaribia aliye mbele. Jiwe lilipasua kioo, nikabadilisha hapa Kampala. Tangu hapo jua likinipiga usoni taa ya onyo inawaka. Juzi breki ilijifunga barabara ikiwa wazi kabisa, boda nusura aniparamie kwa nyuma. Fundi anasema sensa (vipokea mwanga vya kamera) zimekufa, nitafute kamera iliyotumika. Nabeba watoto humu ndani.

Fundi_Ndeeba: Pole sana ssebo. Usinunue kitu kwanza. Sensa iliyokufa haichagui jioni. Kamera mbili hupima umbali kwa kulinganisha picha ya kushoto na ya kulia. Pembe ikihama kidogo tu, hesabu inaharibika. Kioo kikibadilishwa, kamera husawazishwa upya kwa kompyuta na ubao wa alama. Walifanya hivyo?

Umeme_Jinja: Niongeze hapo. Sensa za kazi hii hutengenezwa zione kivuli na mwanga mkali kwa pamoja. Nyingi hufikia desibeli 120, yaani penye mwanga panaweza kuzidi penye giza mara milioni moja na bado kote kukaonekana. Zinapiga picha moja ya kupokea mwanga kwa muda mrefu na nyingine kwa muda mfupi, kisha zinaziunganisha. Hata hivyo jua likiingia moja kwa moja kwenye lenzi, mfumo hujizima kwa makusudi, na hilo si ubovu. Ila kila jioni? Hapo nashuku kioo chenyewe. Kina utepe wa rangi juu?

Dereva_Masaka: Nimetoka kuangalia. Upo, wa bluu, umeshuka hadi nusu ya lenzi zote mbili. Cha zamani hakikuwa nao. Na kompyuta hawakuigusa kabisa.

Fundi_Ndeeba: Basi tatizo ni hilo. Warudishie, udai kioo cha gari lenye kamera, kinacholingana na namba yako ya chasisi, halafu kamera zisawazishwe. Kwa sasa zima breki ya kujifunga kwa kitufe chake, na uhakikishe kila unapowasha gari, kwa sababu mengi huirudisha yenyewe. Lenzi asiziguse mtu, hata kwa kitambaa safi.