Jini wa pete na tajiri wa Ujiji: kifungo chake nikijengeje kisivuje?

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Wakuu, heshima kwenu. Nina rasimu ya riwaya ya fantasia, sura 22, inatokea Ujiji miaka ya 1870. Tajiri wa pembe za ndovu anammiliki jini aliyefungwa kwenye pete ya fedha. Jini huyo anavuka ziwa usiku mmoja, ananyanyua jahazi na shehena yake, anageuka moshi. Waliosoma wameniuliza maswali mawili yaleyale: mwenye nguvu zote hizo mbona haondoki? Na mbona anaonekana kumpenda bwana wake? Kwa sasa nimeandika tu kwamba "pete ilikuwa na nguvu za ajabu". Naombeni mbinu za kujenga kifungo, masharti yawe mangapi, na uhuru wake uje vipi bila kudondoka kama embe. Nawasilisha.

AsaliYaMiombo (Tabora)

Mkuu, hiyo sentensi ya nguvu za ajabu ndipo panapovuja. Ifute. Kifungo kinachosimama kinashikika mkononi. Kwenye hekaya ya mvuvi ndani ya Alfu Lela Ulela, jini yumo kwenye chombo cha shaba kilichozibwa kwa risasi na kupigwa mhuri wa Nabii Suleiman, na mvuvi anaibandua ile risasi kwa kisu. Msomaji haulizi tena kwa nini jini hakutoka. Ameona kizibo.

Halafu amua: jini anamtii mtu au anaitii pete? Ni vitu viwili tofauti kabisa. Majini wa Aladini ni watumwa wa pete na watumwa wa taa, wanamtumikia yeyote aliyeshika. Ndiyo maana mchawi alipopata taa, walewale waliojenga jumba wakalihamisha. Jini wa pete alipoombwa alirudishe akakataa, hiyo si kazi yake, ni ya watumwa wa taa. Akaweza tu kumpeleka Aladini lilipo. Hapo una mpaka wa uwezo umeonyeshwa kwa tendo moja, bila hotuba.

Kwako, pete ya fedha iko kidoleni mwa Mwislamu wa Ujiji. Pete inayobana lazima izungushwe wakati wa udhu ili maji yafike kwenye ngozi. Mara tano kwa siku, basi, kifungo kinalegea kwa nusu pumzi. Andika vidole vimelowa, pete inakwama kwenye kifundo, ngozi iliyo chini yake imepauka, na jini amesimama na birika la maji anahesabu. Hapo swali la "mbona haondoki" linageuka kuwa "ataondoka lini", na hilo ndilo litakalombeba msomaji sura zote 22.

Masharti matatu yanatosha, yote yaonekane kabla ya sura ya nne. Sharti linalozaliwa sura ya 20 ili kumwokoa mwandishi msomaji hulinusa papo hapo. Na usisahau bei: kila amri imgharimu bwana kitu. Amri isiyo na gharama inamfanya tajiri awe mvivu na kisa kilale.

ReliYaKati (Tabora)

Naunga mkono la udhu. Mimi naja na tatizo ambalo hujaulizwa bado, la hesabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Msafara wa wapagazi 100 unabeba zaidi ya tani tatu, kwa miguu, Ujiji hadi Bagamoyo, njia ya kilomita zaidi ya 1,000. Jini wako akibeba shehena hiyo kwa usiku mmoja, umeua Tabora nzima: wauza chakula wa njiani, watemi wanaotoza hongo (ushuru wa kupita), hata vita ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, hapo Tabora, iliyoanza 1871 haina maana, kwa kuwa njia haina haja ya kugombaniwa.

Dawa yake iko hukohuko kwenu. Weka kwamba jini hawezi kuvuka chumvi. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, humo atatamba atakavyo. Lakini ukielekea mashariki unakutana na chemchemi za chumvi za Uvinza, na mwisho wa safari kuna bahari. Pembe zitabaki mabegani mwa watu.

Hao watu nao waandike sawasawa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa huru, wakilipwa vitambaa na shanga. Ukiwafunga wote minyororo umewavua heshima yao. Waliofungwa waonyeshe kando, na jini awaone. Hilo swali la upendo litajibiwa hapo: mpe walau sura mbili ambazo bwana hayumo, anaongea na mateka wa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Mbele ya bwana anainamisha kichwa. Kwenye ua wa nyuma anasema mengine. Ujiji kuna wajukuu wa watu hao, usimfanye mtumwa kuwa kichekesho wala mtu aliyeridhika.

BintiKasulu

Kaka, mimi nina la lugha tu. Neno "mtumwa" ni aliyetumwa. Basi kifungo kiwe hichohicho: anatii pale tu anapotumwa, kwa kitenzi na mahali. Bwana akisema "natamani" au "laiti", hajatuma.

Kisha chukua kila amri ya kitabu, iandike peke yake kwenye karatasi, utafute njia tatu za kulitimiza neno na kulivunja kusudio. Kiswahili kitakusaidia. "Uwe hapa saa mbili" haijasema asubuhi au usiku. "Mlete" haijasema mwanamume au mwanamke, wala nani. "Niletee paa": tajiri anataka nyama, jini anaweza kung'oa paa la nyumba ya kadhi akalitua uani. Ila mchezo wa neno la namna hiyo utumie mara moja, nao umuumize mtu. Ukirudia, jini anakuwa mzaha. Saa na viambishi vinavumilia hata mara tatu.

Shikamoo pia. Asili yake ni kushika miguu. Amua jini anaisema au anaimeza, na bwana anagundua ukurasa wa ngapi.

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Nimeifuta ile sentensi. Chumvi ya Uvinza nimeichukua, inanilazimu kuandika upya sura ya sita na ya tisa, sawa. Swali moja: tajiri akifa na pete ikiwa kidoleni, jini anakuwa huru?

AsaliYaMiombo (Tabora)

Kwa mfumo wako, hapana. Anaitii pete, atarithiwa pamoja na mashamba. Lakini kumbuka kisa cha Surat Saba, sura ya 34 ya Qurani: Nabii Suleiman alifariki akiwa ameegemea fimbo, majini wakaendelea na kazi ngumu mpaka mdudu wa ardhi, ambaye wafasiri husema ni mchwa, alipoila fimbo na mwili ukaanguka. Kilichowafunga muda wote huo ni kutojua. Sasa jiulize ni nani anayeuosha mwili wa tajiri, maji yanapita wapi, na pete inavuliwa na mkono wa nani. Muoshaji akiivua bila kujua ameshika nini, hajamtuma jini popote.

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Muoshaji. Naanza na huyo leo usiku.