Mrejesho: ule ukuta wa sebuleni uliokuwa unabanduka rangi

Wakuu, niliuliza mbona ukuta wetu unabanduka rangi kila tukipaka, mkaniambia ni unyevu nitafute chanzo kwanza. Kweli bwana, bomba la jikoni lilikuwa linavuja nyuma ya ukuta! Tumeliziba, tukabomoa plasta yote yenye ule unga mweupe wa chumvi, tukapiga mpya tukaiacha wiki nne ikauke. Wife naye hakukaa bure, kachukua hadibodi kachora twiga kwa rangi ya mafuta, staili ya Tingatinga ile iliyoanzia Dar miaka ya 1960, mimi nikatengeneza fremu kwa mbao za kitanda chetu cha zamani. Jana tumeitundika. Jicho la twiga kaliweka nukta moja nyeupe tu, yaani linakuangalia popote ulipokaa. Asanteni sana jamani.