Dhima za Propp na Snow White ya 1937: mpangilio unavunjika, nifanyeje?

Mwanafunzi_Mbale
Habari zenu wadau. Tasnifu yangu inahakiki filamu ya katuni ya Disney, Snow White and the Seven Dwarfs (1937), kwa nadharia ya Vladimir Propp, mtaalamu Mrusi wa ngano. Propp anasema dhima zake 31, yaani vitendo vya wahusika vinavyosukuma ngano mbele, hufuatana kwa utaratibu mmoja, hata kama si zote zinazojitokeza. Katazo ni la 2, uovu ni wa 8. Kwenye filamu malkia anaamuru binti (Snow White) auawe mapema kabisa, ilhali katazo la kutomwingiza mtu nyumbani linakuja baadaye sana, kwa mbilikimo. Halafu shujaa ni nani? Mwana wa mfalme yupo mwanzoni na mwishoni tu. Msimamizi anataka pia niguse ufeministi.

MwlGulu
Una mikondo miwili, yaani mifululizo miwili ya dhima, na unaisoma kama mmoja. Kwa Propp, uovu mpya huanzisha mkondo mpya, na ngano moja yaweza kuwa na mikondo kadhaa.

Wa kwanza: malkia anauliza kioo (4, upelelezi), kioo kinajibu (5, kupata habari), anaamuru binti auawe (8), mwindaji anamwachia na kurudi na moyo wa nguruwe kwenye kisanduku (9, shujaa kutumwa au kuachiwa), binti anakimbilia msituni (11, kuondoka). Wengi huiruka hiyo 9, na ndiyo tamu kuliko zote: Propp ameitaja sura hiyohiyo, aliyehukumiwa kufa anaachiwa kwa siri na mnyama anachinjwa ili kiungo chake kiwe ushahidi.

Wa pili: kioo tena (4, 5), mbilikimo wanaonya (2), malkia anakuja kama bikizee mwenye tofaa (6, hila), binti anamwingiza ndani (3, kuvunja katazo), anang'ata (7, kunaswa na hila), analala usingizi wa kifo (8). Hapa jozi ya 4–5 imetangulia 2–3. Liseme waziwazi, usisogeze matukio ili jedwali lipendeze, mtahini ataona.

Malkia kuporomoka gengeni ni 18 (ushindi), si 30 (adhabu). Propp anaruhusu mwovu afe bila pambano. Ukiandika 30, utadaiwa maelezo kwa nini adhabu imetangulia kuondolewa kwa madhara (19), yaani busu.

Shujaa ni Snow White. Propp ana shujaa mtafutaji na shujaa mwathiriwa. Angalia masimulizi yanamfuata nani anapoondoka nyumbani. Mwana wa mfalme anatekeleza 19, kisha anaingia kwenye ndoa (31), basi. Ukimfanya yeye shujaa, 9 na 11 zinabaki bila mwenyewe.

NyaboJinja
Ufeministi usiubandike mwishoni kama kiraka. Anzia kwenye 4 na 5, kwa sababu zote zinapitia kioo. Wahakiki wa kifeministi Sandra Gilbert na Susan Gubar (1979) wanadai sauti ya kioo ndiyo sauti ya mfalme asiyeonekana, inayompima mwanamke thamani yake. Filamu inawaunga mkono kwa picha kabisa: kioo kina uso na sauti ya kiume, na baba wa binti haonyeshwi hata mara moja.

Ila taja toleo! Kwa akina Grimm, ndugu wa Kijerumani waliokusanya ngano hii, mwaka 1812 malkia ni mama mzazi. Mama wa kambo aliingia toleo la 1819. Kwa Grimm malkia huja mara tatu: kamba za kubana kiuno, kitana chenye sumu, kisha tofaa. Filamu imebakiza tofaa peke yake. Na busu halimo: katika toleo la 1857 wabeba jeneza wanajikwaa, kipande cha tofaa kinamtoka kooni. Kwa hiyo hoja yoyote kuhusu mwanamke kuamshwa na busu uipeleke kwa Disney. Tasnifu nyingi huwatwisha Grimm mzigo usio wao.

Mwanafunzi_Mbale
Asante sana, sebo na nyabo. Naweza kulinganisha na ngano ya Njabala ya Waganda?

MwlGulu
Kwa Snow White, hapana. Hazikutani popote pa maana. Njabala inakaa vizuri na Cinderella ya Grimm, maana zote mbili zina mama marehemu anayemsaidia binti: wa Cinderella kwa mti ulioota kaburini, wa Njabala kwa mzimu unaomlimia shamba. Filamu ya Disney ya Cinderella (1950) haitakufaa hapo, imemfuata mwandishi Mfaransa Perrault (1697) na msaidizi ni kichimbakazi. Tofauti yenye uzito ni kwamba msaada wa mama ndio unaomtia Njabala matatani mumewe anapougundua. Nafasi ya msaidizi kwa Propp haina pa kuweka jambo hilo.

Arua_Filamu
La kiufundi. Filamu ina dakika 83. Tengeneza jedwali la safu nne: dakika na sekunde, tukio, dhima, halafu picha au sauti inayothibitisha. Safu ya nne ikibaki tupu unahakiki muhtasari, si filamu. Na usinukuu nakala ya kibanda cha video yenye sauti ya VJ, msimulizi anayezungumza juu ya filamu: VJ hutafsiri, huongeza utani, hufunika mazungumzo na wakati mwingine muziki. Utajikuta umenukuu maneno ambayo mhusika hakuyasema.