Kunawa mikono bila kukoma: dawa, tiba ya mazungumzo au maombi?

MamaZabibu: Wakuu, habari za mchana. Mdogo wangu wa kike, miaka 22, naishi naye hapa Nkuhungu, Dodoma. Ananawa mpaka vidole vimepasuka, sabuni ikimgusa anang'ata meno. Maji ya mgao najaza madumu sita, jioni manne yameisha. Usiku anatikisa komeo la mlango huku anahesabu hadi nane, akikosea anaanza upya. Mwenyewe anajua haina maana, analia, ila anarudia. Daktari mmoja kaandika fluoxetine, mwingine kasema aanze na tiba ya mazungumzo. Bibi anataka maombi. Tuanzie wapi?

Nesi_Ipagala: Pole sana dada. Hii inaonekana ni OCD, ugonjwa wa mawazo na vitendo vya kujirudia. Dawa inafaa, mazungumzo yanafaa, ila si mazungumzo ya aina yoyote. Yanayotibu hili ni yale ya kumkutanisha na anachokiogopa na kumzuia asifanye kile kitendo: anashika kitasa, hanawi, anakaa na hofu yake mpaka ishuke yenyewe. Victor Meyer aliandika kuhusu njia hii kule London mwaka 1966. Mshauri wa kumwambia tu "punguza mawazo" hatamfikisha mbali, kwa hiyo muulizeni kabla hamjalipa.

Fluoxetine nayo inataka subira, wiki 8 hadi 12, na dozi yake kwa ugonjwa huu mara nyingi ni kubwa kuliko ya sonona. Wengi wanaacha wiki ya tatu. Kwa umri wake, wiki za mwanzo mkae naye karibu. Akitaja kufa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.

Kondoa_Irangi: Mimi nilikuwa na wasiwasi wa udhu. Natawadha, narudia, narudia, jamaa wanatoa salamu mimi bado niko bombani. Sheikh akaniambia: osha mara tatu basi, yakini haiondoki kwa shaka, hata moyo ukikataa ingia usali. Nilisali mwezi mzima natetemeka. Baadaye nilipoonana na mwanasaikolojia nikakuta njia ni ileile, ila yeye alinipangia ngazi, tukaanza na kitu kidogo. Kwa hiyo bibi msimpuuze, mradi maombi yasigeuke kitu kingine cha kurudiarudia. Dawa sikutumia.

Mzee_wa_Majengo: Kwangu bila dawa nisingeweza hata kuanza hayo mazoezi. Nilimeza sertraline, dawa ya jamii moja na fluoxetine, na mwezi wa tatu hivi mawazo yalikuwepo lakini hayapigi tena kelele. Ndipo nikaanza kushika vitu. Kosa langu niliacha ghafla bila kumwambia daktari, yakarudi yote. Na wewe mama, acha kumjibu kila akiuliza "nimenawa vizuri?" Mke wangu alinijibu miaka minne kwa upendo, kumbe anaulisha ugonjwa.

MamaZabibu: Hilo limenichoma, maana huwa namjibu mpaka mara ishirini kwa siku. Kumpeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, naogopa maneno ya majirani.

Nesi_Ipagala: Mirembe inatibu watu tangu 1927, na wengi wanaonwa kliniki wanarudi nyumbani. Nenda naye asubuhi, mweleze daktari yote mawili, dawa na mazoezi. Kwa hali uliyoisimulia mimi ningetaka vyote kwa pamoja.

MamaZabibu: Nimeongea naye, amekubali Jumatatu. Jana aliniuliza kama komeo limefungwa, nikamwambia sitajibu ila nitakaa na wewe. Tulikaa kwenye mkeka karibu saa nzima, mkono wake kwenye wangu, mpaka akasinzia bila kuinuka.