Lugha za dunia ya kampeni: kila jamii na yake, au tuzipangie ukoo?

DaduYaTanga
Wakuu, habari za jioni. Naanza kampeni mpya ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu; kampeni ni hadithi moja ya vikao vingi), tuko watu 5 na mezani tunaongea Kiswahili. Dunia nimeitunga mwenyewe, ila kwenye lugha nimekwama. Naona njia tatu. Niichukue orodha ya kitabu cha sheria za mchezo kama ilivyo: Kielfu, Kidwafu, Kigoblini na wenzake, lugha za viumbe wa kubuni, unaijua lugha au huijui, basi. Au nizipangie ukoo, lugha mama na watoto wake, ili anayejua moja aambulie chochote kwa ndugu yake. Au undugu uwe kwenye herufi tu. Mmejaribu ipi? (Na lugha za majitu na majoka nizipe jina gani? "Kijitu" na "Kijoka" zitatuangusha vicheko kikao kizima.)

Kalamu_Mbili
Hiyo ya herufi tayari imo kitabuni, mkuu. Toleo la tano, la 2014: magoblini, maorki na majitu wote wanaandika kwa herufi za Kidwafu. Lugha ya pamoja ya chini ya ardhi inatumia herufi za Kielfu. Watu wanaipita hiyo jedwali bila kuitazama, na ndiyo tamu kuliko zote. Mimi nasoma Kisomali ukurasa mzima kwa sauti, herufi si ni hizi hizi za Kilatini? Maana sipati hata ya salamu. Kwangu nilitenganisha kusema na kusoma: mdwafu akasoma barua ya magoblini kwa sauti bila kuelewa neno, mwenzake aliyekulia utumwani kwa magoblini, asiyejua kusoma, akatafsiri. Dakika ishirini za raha kwa karatasi moja.

BintiKisauni
Mie naunga mkono ukoo, lakini usijitwike kamusi. Kitabu hicho hicho kina lugha ya asili ya viumbe vya maji, upepo, moto na udongo. Ina lahaja nne, na wasemaji wake wanasikilizana. Hayo si ndiyo yetu? Huku Mombasa *njia* yenu ni *ndia*, *njaa* ni *ndaa*, *macho* ni *mato*, *mchele* ni *mtele*. Ukishashika kwamba nj inakuwa nd na ch inakuwa t, nusu ya Kimvita umeipata. Basi chagua mabadiliko mawili ya sauti, yashike kila mahali, na usimwambie mtu. Wangu waligundua kikao cha tatu: mlangoni pameandikwa *kanja*, mmoja akakumbuka *kanda* ya watu wa moto. Alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mzee_wa_Ugumu15
Mnampa kazi ya bure. Mchezaji anataka kujua kama mlinzi atampisha au hatampisha. Chukua orodha, lugha ndugu wa karibu rusha dadu ugumu 10 (yaani ufikishe 10 au zaidi), wa mbali 15, maisha yaendelee. Na mshukuru: mchezo wa 1974 ulikuwa na lugha za msimamo, kwa upande alio mhusika. Wa Sheria wanayo yao, wa Machafuko yao, wasio na upande yao. Yaani ukibadili tabia unasahau kuongea!

DaduYaTanga
😂 Na Lugha ya Pamoja, ile ya karibu wote, je? Inatoka wapi?

Mzee_wa_Ugumu15
Iga Greyhawk, dunia ya zamani ya mchezo huu huu. Kule ni mchanganyiko wa Kibaklunish cha kale na Kioeridia cha kale. Kama Kiswahili tu, Kiarabu na Kibantu vikachanganywa.

BintiKisauni
Hapo mzee wangu, samahani, umeteleza. Kiswahili hakikuchanganywa mtungini. Ni Kibantu, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, kilichokopa maneno. Tazama *kitabu*: neno la Kiarabu, tumelivika ngeli yetu, limezaa *vitabu*. Kwa mchezo hiyo ni bora kuliko mchanganyiko. Lugha ya Pamoja iwe ya watu fulani wa pwani fulani, ndugu zao bado wako kijijini na wana kinyongo kwamba ya wenzao ndiyo imeenea.

Mzee_wa_Ugumu15
Sawa, nimekubali. Kinyongo kinachezeka.

DaduYaTanga
Basi: ukoo wa sauti mbili kwa viumbe vya asili, herufi za Kidwafu kama kitabuni, dadu za mzee kwa zilizobaki. Imebaki lugha ya wezi.

Kalamu_Mbili
Kitabuni ujumbe wake unachukua mara 4 ya muda wa kuusema wazi. Wewe tumia kinyume cha utotoni, silabi ya mwisho ije mbele. Mlango, *ngomla*. Mwizi sasa, ligeuze uone. Kwangu mlinda mlango wa kilabu alinong'ona "zimwi amefika", meza nzima ikachomoa panga. Kumbe anamkaribisha mwenzao.

DaduYaTanga
Hiyo naiiba.